Pampu imeuza, ripoti inasema sifuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila kukicha tunalisikia likisemwa juujuu: mifumo ya kompyuta isomane, yaani ipeane taarifa. Linasemwa kwenye mikutano, linasemwa kwenye hotuba, na kila kampuni inayouza programu hapa mjini imeliandika kwenye kipeperushi chake. Sina ubishi nalo. Ila mifumo ikishasomana, mwishoni kuna mtu mwenye ripoti mkononi ambaye lazima aamue: aagize lori jingine la dizeli au asubiri, amwite msimamizi wa zamu amhoji au amwache afanye kazi. Mtu huyo mifumo haioni, anaona namba. Na kati ya mfumo na namba hiyo pana kipande cha njia ambacho wanunuzi wengi hawakiulizii kabisa siku ya kusaini mkataba.

Mimi riziki yangu iko kwenye kipande hicho. Naandaa ripoti za vituo vya mafuta vya mmiliki mmoja hapa Dar es Salaam. Sheli moja iko Mbagala, nyingine Tabata, nyingine Barabara ya Bagamoyo, na moja ndogo iko Gongo la Mboto, ile inayoishi kwa bodaboda na bajaji. Zamani msimamizi wa zamu alisoma mita za pampu, akaandika kwenye karatasi, akaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Ofisini Buguruni tukakaa na simu mkononi tukichapa kwenye Excel, saba ya mtu inasomeka moja, na picha nyingine imepigwa kidole kikiwa juu ya jumla. Mzee, ndivyo tunavyomwita mwenye mali, ni mtu wa hesabu. “Mali bila daftari huisha bila habari” amelirudia mbele yetu mpaka wafagizi wanalijua.

Basi akanunua mifumo. Mmoja wa mauzo, umeunganishwa na pampu. Mwingine wa matangi, wenye kipimo kilichozamishwa ndani ya tangi kinachosema mafuta yamefika wapi. Kila mmoja ulitoka kwa muuzaji wake, na kila mmoja una huduma yake ya wavuti. Kwa asiyeifahamu, hiyo ni anwani ya intaneti kama ya tovuti yoyote, tofauti ni kwamba anayeifungua ni programu badala ya binadamu. Programu yangu ya ripoti inabisha hodi kwenye anwani hiyo, inaonyesha ufunguo wake, yaani maandishi ya siri ya kuitambulisha, inaomba mauzo ya Tabata ya jana, na inajibiwa kwa maandishi matupu. Hakuna rangi wala jedwali. Mfumo wa mauzo unajibu kwa JSON, mabano na nukta mbili mwanzo hadi mwisho. Ule wa matangi ni wa mtindo mkongwe wa SOAP, jibu lake limefungwa ndani ya XML tabaka juu ya tabaka. Vijana wanaucheka huo wa pili. Mimi siucheki, maana ndio uliokuja na faili la maelezo linalosema waziwazi maswali gani yanaruhusiwa na kila jibu lina umbo gani. Wa JSON ulikuja na karatasi moja na namba ya simu ya fundi.

Kulifanya jibu la namna hiyo liwe jedwali si kazi ngumu siku hizi. Excel tangu toleo la 2016 ina Power Query ndani yake, chombo cha kuvuta na kupanga data, na Power BI, programu ya ripoti ya Microsoft, inatumia kitu kilekile. Unabandika anwani, unabonyeza panapotakiwa, na mtu aliyezoea Excel anaweza kuwa na jedwali lake la kwanza kabla ya chai ya saa nne. Wepesi huo ndio unaoponza watu. Jedwali likishatokea, kila mtu ofisini anaamini kazi imekwisha.

Nianze na Tabata. Mzee alinipigia asubuhi nikiwa kwenye daladala. “Mama, hivi Tabata jana hawakuuza hata lita moja?” Alikuwa ameifungua dashibodi, ile ripoti yetu ya chati na namba, kitandani, mauzo ya Tabata yakawa sifuri, na pembeni yake tangi la dizeli likionyesha limeshuka kwa zaidi ya lita 3,000. Mafuta yameondoka, pesa hakuna. Mwenye mali akiona hivyo anafikiria neno moja tu, na mzee alikuwa ameshampigia msimamizi wa usiku akamtamkia. Yule bwana ni mtu mzima, ana wajukuu. Ikabidi apige picha ripoti ya Z ya mashine ya risiti ya TRA, ile inayofunga mauzo ya siku, aitume ili ajisafishe.

Kilichotokea ni hiki. Ufunguo wa kuingilia kwenye mfumo wa mauzo uliisha muda wake usiku. Seva zina namba za kujibia: 200 maana yake ombi limefanikiwa, 401 maana yake sikutambui, rudi na ufunguo sahihi. Seva ya muuzaji wetu ilijibu 200. Halafu ndani ya jibu, kwa maandishi, ikaeleza kwamba ufunguo umekwisha muda, na mahali pa risiti ikaweka orodha tupu. Programu ya ripoti ikaiona 200, ikaichukua orodha, ikajumlisha kitu kisichokuwepo, ikapata sifuri. Nilipompigia fundi wao akanijibu kwa upole kabisa: “Lakini dada, ujumbe wa kosa si upo humo ndani?” Upo, mdogo wangu. Angekuwa anausoma binadamu ningekubaliana na wewe.

Sheli inayofanya kazi saa 24 haiwezi kuuza sifuri. Hata mvua za masika zikifunga barabara, atatokea mwenye jenereta na dumu lake. Kwa hiyo siku hizi ripoti yetu haiandiki sifuri pasipopatikana jibu. Inaandika “haijapatikana”, kwa rangi nyekundu, na juu ya kila ukurasa kuna mstari unaosema data za kila kituo zimefika hadi saa ngapi. Mzee mwanzoni aliuona uchafu, akasema ripoti ya mtu mkubwa haiwi na maandishi mekundu. Sasa mstari huo ndio anaousoma kwanza.

Gongo la Mboto ilikuwa hatari zaidi, kwa sababu namba zake zilionekana za kweli. Huduma nyingi za wavuti hazimwagi kila kitu kwa mara moja, zinatoa kurasa. Yetu inatoa risiti 100 kwa ukurasa, na mwisho wa kila ukurasa inataja jumla ya risiti zote na anwani ya ukurasa unaofuata. Kijana aliyetumwa na muuzaji kutufungia ripoti ya kwanza alichukua ukurasa wa kwanza, akapaka rangi, akachora chati, akaondoka.

Ona sasa madhara yake. Kituo cha Barabara ya Bagamoyo kinahudumia malori na mabasi. Mteja mmoja anajaza lita 300 na kuendelea, risiti za siku si nyingi lakini kila moja ni nzito. Gongo la Mboto ni “weka ya elfu tano” kuanzia alfajiri hadi usiku. Risiti 100 za Bagamoyo ni sehemu kubwa ya siku. Risiti 100 za Gongo la Mboto ni saa chache tu. Dashibodi ikaonyesha Gongo la Mboto inakufa, Bagamoyo inapaa, na mazungumzo ya kupunguza wahudumu wa pampu Gongo la Mboto yakaanza, majina yakitajwa. Kwa hiyo hesabu iliyokatwa njiani haimpunji kila mtu sawasawa. Inampunja anayehudumia wateja wadogo wengi. Fikiria mwenye maduka ya dawa akilinganisha tawi la Kariakoo na la Masaki kwa ripoti ya namna hiyo, au mamlaka fulani ikipima zahanati kwa idadi ya wagonjwa wanaoingia kwenye ukurasa wa kwanza.

Dawa yake ni kuifanya programu isome kurasa zote hadi ya mwisho, halafu ilinganishe idadi iliyopokea na ile jumla iliyotajwa na seva. Zisipolingana, nyekundu. Na siku iombwe ikiwa imeshafungwa, kwa kutaja saa ya kuanzia na ya kumalizia, kwa sababu ukisoma kurasa huku risiti mpya zinaingia juu, risiti ya mwisho ya ukurasa huu inasukumwa hadi ukurasa unaofuata na unaihesabu mara mbili.

Nimetaja saa, na hapo ndipo utamu ulipo. Wasomaji wako wanajua kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na bei mpya huanza Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa 6:01 usiku. Usiku huo kwenye sheli ni usiku wa kazi: ubao wa bei unabadilishwa, pampu zinapangwa upya, na kama bei inapanda, kuna foleni ya watu wanaotaka kuwahi. Sasa chukua mteja wa Mbagala aliyejaza mafuta saa 6 na dakika 40 usiku wa kuamkia Jumatano ya Juni 5, 2024. Kwenye jibu la mfumo, risiti yake imeandikwa 2024-06-04T21:40:00Z. Herufi Z hapo mwishoni (msichanganye na ripoti ya Z ya mashine ya risiti) maana yake muda umeandikwa kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Programu ya ripoti isipoelekezwa inachukua tarehe kama ilivyo. Kwa hiyo mafuta yaliyouzwa kwa bei mpya, Jumatano, yanaingia kwenye ripoti ya Jumanne.

Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, kila risiti ya kila siku inahamia siku ya nyuma. Siku za kawaida hakuna anayegundua, kwa sababu kila siku inapoteza saa tatu zake na inapewa saa tatu za mwenzake. Jumla ya mwezi inakaribia ukweli, mhasibu anatulia. Ila usiku wa kubadilisha bei, ukichukua lita za Jumanne ukazidisha kwa bei ya Jumanne, hupati pesa zilizoko benki. Tuchukulie bei imepanda kwa shilingi 60 na zimeuzwa lita 2,000 katika saa hizo: ripoti itaonyesha shilingi 120,000 zisizo na maelezo kwa Jumanne, na zimezidi. Bei ikishuka, zitapungua. Na zikipungua, atatafutwa mtu wa kuzilipa, na kwa desturi za vituo vingi mtu huyo ni mhudumu wa pampu, kwenye mshahara wake.

Nimewahi kubishana na mtaalamu mmoja aliyesema tatizo hilo halipo, akanifungulia kompyuta yake mpakato kunionyesha. Kweli, kwake saa zilikuwa sahihi. Mpakato umepangwa kwa saa za Dar es Salaam, kwa hiyo ukiiambia programu igeuze muda uwe wa “hapa”, inaongeza saa tatu. Ripoti ileile ukiipandisha kwenye Power BI ya mtandaoni, “hapa” panakuwa kwenye seva, na seva inakwenda kwa UTC. Haiongezi kitu. Ndiyo maana ripoti inakuwa sahihi kwa fundi na yenye makosa kwa bosi, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui. Kinachotakiwa ni kuitajia programu namba yenyewe: ongeza saa tatu. Sisi hatupeleki saa mbele na nyuma kama Ulaya, kwa hiyo tatu ni tatu mwaka mzima. Bahati hiyo tuitumie.

Sitaeleza yote ninayokutana nayo, nafasi ya gazeti haitoshi, lakini hili la lita mbilimbili nisiliache. Mteja wa Tabata amejaza lita 40, tuseme kwa shilingi 3,000 kila lita, jumla 120,000. Ana taslimu 50,000, zilizobaki 70,000 analipa kwa Lipa Namba. Ni jambo la kila siku. Kwenye JSON risiti hiyo ni moja, na ndani yake kuna orodha ndogo ya malipo mawili. Programu ya ripoti haipendi orodha ndani ya orodha, inataka mistari iliyonyooka. Ukibonyeza ile alama ya kupanua orodha, risiti inageuka mistari miwili: mmoja wa taslimu, mmoja wa simu. Malipo yamegawanyika vizuri, 50,000 na 70,000. Ila lita 40 zimeandikwa kwenye mistari yote miwili. Jumlisha safu ya lita: 80. Safu ya pesa ni sahihi, safu ya lita ni uongo, na zote ziko kwenye jedwali moja zikitazamana.

Hapo mfumo wa matangi ndio unaookoa. Tangi halijui malipo, linajua mafuta yameshuka kiasi gani. Likisema zimetoka lita 3,000 na mauzo yakisema 3,900, kuna aliyehesabu mara mbili. Tofauti ndogo haitishi; petroli hutanuka na kusinyaa kwa joto, kwenye lita 10,000 digrii moja tu ni kama lita 10, na jua letu mnalijua. Lakini mia tisa si joto. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie mfumo wa matangi ni wa kizamani, tuutupe. Ukiwa na vyanzo viwili visivyojuana, ripoti inaweza kujikagua yenyewe kila asubuhi kabla mzee hajashika simu. Tulichofanya ni kuweka risiti kwenye jedwali lake na malipo kwenye jedwali jingine, yakaunganishwa kwa namba ya risiti. Lita zinajumlishwa kwa risiti, pesa kwa malipo, na hazigusani.

Na namba ya risiti yenyewe isomwe kama maandishi. Nina shoga yangu anayefanya kazi kwenye SACCOS, alilia na namba za NIDA, zile za vitambulisho vya taifa, za wanachama. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiichukua kama namba inahifadhi tarakimu 15 tu, tano za mwisho zinageuka sifuri. Wanachama wawili waliozaliwa siku moja na kusajiliwa sehemu moja wanaweza kugeuka mtu mmoja. Namba za simu nazo zinadondosha ile sifuri ya mbele. Mambo hayo yanapangwa mwanzoni, kabla data haijaingia. Ikishahifadhiwa hivyo, tarakimu zilizopotea hazirudi.

Niseme na habari ya funguo. Nimeona kwa macho yangu faili la Excel linazunguka kwenye kundi la WhatsApp la wasimamizi, na ndani yake, kwenye ile anwani ya huduma, ufunguo umeandikwa wazi mwanzo mpaka mwisho. Yeyote mwenye faili hilo anaweza kuvuta risiti zote, zikiwemo namba za simu za wateja wa mikopo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ilianza kufanya kazi Mei 1, 2023. Msambaza ripoti naye anaguswa. Ufunguo ukae kwenye sehemu ya siri ya programu, uwe wa kusoma tu, na kila anayepewa ripoti apewe jumla, asipewe risiti za watu.

Kuna wanaosema haya yote yangekwisha kama ripoti ingesoma moja kwa moja kutoka kwenye huduma kila inapofunguliwa, mbichi. Mimi sikubaliani nao. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na nchi nzima tukajua maana ya intaneti kukatika. Pampu zetu hazikujua. Ziliuza mafuta kama kawaida. Waliokuwa na ripoti za kusoma moja kwa moja kutoka kwenye seva za ughaibuni walikaa wakitazama duara linazunguka. Sisi tunavuta usiku, tunaweka kwenye kanzidata yetu ya ofisini, jibu la kila siku linahifadhiwa kama lilivyokuja, na ripoti inasoma kutoka hapo. Intaneti ikiyumba, mzee anaona hadi jana, na ule mstari wa juu unamwambia hivyo. Vilevile leseni ya kawaida ya Power BI Pro hairuhusu kusasisha kwa ratiba zaidi ya mara 8 kwa siku, kwa hiyo huo ubichi wenyewe una mpaka. Na kuna faida nyingine: muuzaji akibadilisha jina la safu bila taarifa, ninayo majibu ya zamani ya kumwonyesha. Wetu aliamka siku moja “lita” ikawa “kiasi_lita”. Ripoti nzima ikalala. Alipoulizwa akasema wameboresha.

Hilo linanirudisha kwenye mkataba. Mzee anajenga kituo kingine Kigamboni na muuzaji ameleta bei. Mfumo una bei yake. Huduma ya wavuti ina bei yake pembeni, kwa mwezi. Karatasi za maelezo zina bei yake tena. Lita ni zetu, wateja ni wetu, pampu tumenunua, na maelezo ya namna ya kusoma mauzo yetu wenyewe tunauziwa. Kulipia seva na fundi sina neno, wana gharama. Kulipia maelezo nimekataa, na kwa mara ya kwanza nimeitwa kwenye kikao cha mkataba badala ya kuitwa baada ya mfumo kufungwa. Nimeomba yaandikwe mambo machache: huduma itaje jumla ya risiti, kosa lijibiwe kama kosa, muda uandikwe na saa za eneo lake, na mabadiliko yoyote ya majina yatolewe taarifa siku 30 kabla. Muuzaji amesema atalipeleka makao makuu. Tumeanza kupigwa danadana, lakini saini ya mzee bado iko mfukoni.

Kwa wenzangu mnaonunua mifumo mwaka huu wa fedha, iwe ya mafuta, dawa, maji au ada za shule: siku ya maonyesho mwambieni muuzaji afunge zile chati, afungue jibu lenyewe la huduma kwenye kioo, la tarehe mnayoitaja nyinyi, lenye mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku, na mteja mmoja aliyelipa kwa njia mbili. Halafu aufute ufunguo na aombe tena, muone seva inajibu namba gani. Akisema sampuli hiyo ataituma kwa barua pepe wiki ijayo, msisaini wiki hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtayarisha ripoti,
Buguruni, Dar es Salaam